Bapa la Upanga Unaong'aa: Mwanga Upite, Utawanyike, na Bomba Lisivunjike

Vijana wa maigizo wanapotaka kutengeneza upanga unaong'aa, swali lao la kwanza huwa ni la taa: LED gani, rangi gani, wati ngapi. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Taa ndiyo inayouzwa dukani, ina bei na maelezo kwenye pakiti. Lakini taa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Mkanda wa LED wenye nguvu ya kutosha unapatikana kwa fundi yeyote anayepamba bodaboda, iwe Arua, Lira, Mbale au Busia. Kinachowashinda wengi ni bapa lenyewe, ule urefu wa sentimita 80 hivi ambao watazamaji wanatakiwa kuuona kama mwanga mtupu kuanzia mpinini hadi nchani, huku ukigongana na mwenzake jukwaani bila kupasuka.

Bapa lina kazi tatu na hufanya zote kwa wakati mmoja. Lipitishe mwanga mpaka nchani. Liutawanye ubavuni ili aliyeketi pembeni auone. Livumilie kipigo. Tabu inaanzia hapo, maana kazi hizi zinagombana. Kitu kinachosafirisha mwanga vizuri ni kile kisichouruhusu kutoka. Kinachoutoa nje kwa wingi huumaliza kabla haujafika mwisho. Na vingi vinavyopendeza vikiwashwa huvunjika vikigongwa. Ndiyo maana kila kitu kigeni unachotaka kujaribu, iwe kavera (mfuko wa plastiki), chupa ya maji, kitambaa cha gome au plastiki ya ndani ya televisheni mbovu, ni lazima kwanza ukiulize kinafanya kazi ipi kati ya hizo tatu. Kikifanya moja tu kwa uhakika, kinafaa. Hizo nyingine zitafanywa na tabaka la juu yake au la chini yake.

Tuanze na safari ya mwanga. Katika miaka ya 1840, mwanafizikia Jean-Daniel Colladon aliwaonyesha watu wa Geneva jambo lililowashangaza: aliwasha taa nyuma ya pipa la maji lenye tundu, na mwanga ukafuata mkondo wa maji yaliyokuwa yakichuruzika, ukapinda nao mpaka chini. John Tyndall, mwanafizikia mwingine, alirudia onyesho kama hilo London mwaka 1854. Sababu yake ni kwamba mwanga uliomo ndani ya maji, kioo au plastiki, ukifika kwenye mpaka wa hewa ukiwa umelala sana, hauwezi kutoka. Unarudishwa ndani wote. Kwa akriliki, ile plastiki angavu ambayo mafundi wa mabango wanaiita pespeksi, mwale wowote unaogonga ukuta ukiwa umeinama zaidi ya digrii 42 kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya ukuta huo hurudi. Kwa polikaboneti, plastiki nyingine angavu iliyo ngumu zaidi kuvunjika, ni kama digrii 39. Hii ndiyo kanuni inayopeleka intaneti kwenye nyuzi za kioo zilizofukiwa kando ya barabara zetu.

Sasa chukua bomba angavu lililo tupu ndani, uweke tochi kali upande mmoja gizani. Ncha itang'aa na duara la mwanga litatua ukutani, lakini bomba lenyewe litabaki karibu jeusi. Watu wengi hudhani taa yao ni dhaifu. La hasha. Mwanga umo, tena mwingi, ila unasafiri mbele, na hata ule unaopenya ukuta wa bomba unatoka ukiwa bado umeelekea mbele. Hakuna kinachougeuza kuelekea macho ya aliyesimama ubavuni. Bomba likiwa safi kupita kiasi haliwezi kuwa upanga.

Kinachougeuza mwanga ni vurugu ndogondogo: mikwaruzo, chembe, nyuzi, viputo. Jaribio lake unaweza kulifanya jioni hii hii. Jaza maji chupa ndefu ya plastiki, ilaze, mulika kitako chake kwa tochi ya simu. Utaona kidogo sana. Dondosha tone moja au mawili ya maziwa, utikise, mulika tena. Chupa nzima inatoa mwanga ubavuni, na ukitazama kwa makini utaona sehemu iliyo karibu na tochi ina weupe wa kuelekea buluu, na upande wa mbali una rangi ya kuelekea manjano. Chembe za maziwa zinatawanya buluu kwa urahisi zaidi, hivyo buluu inaisha mapema na kinachofika mbali ni manjano na nyekundu. Ongeza maziwa, kijiko kizima. Hapo utauona ugonjwa mkuu wa panga za nyumbani: karibu na tochi kunawaka sana, mwisho wa chupa ni giza.

Mkulima wa nyanya anayemwagilia kwa bomba lenye matundu anaujua ugonjwa huu. Akitoboa matundu makubwa yaliyo sawa kuanzia kwenye tangi hadi mwisho wa shamba, miche ya mwanzo inazama na ya mwisho inakauka. Dawa yake ni matundu madogo mwanzoni, na kadiri anavyokwenda mbali anayaongeza ukubwa au anayasogeza karibu karibu. Bapa la upanga linalowashwa kutoka mpinini linataka hesabu hiyo hiyo: livuje kidogo karibu na mkono, livuje sana karibu na ncha.

Waliotengeneza televisheni bapa walishalitatua tatizo hili kwa umaridadi ambao mimi bado unanifurahisha kila ninapouona. Katika televisheni nyingi za LED, taa zimepangwa ukingoni tu, na nyuma ya kioo kuna sahani nene ya akriliki inayoupokea mwanga kutoka ukingo huo na kuusambaza uso mzima. Nenda kwa fundi wa TV, umwombe paneli iliyopasuka kioo. Mafundi wengi wanazo zimeegemezwa nyuma ya kibanda wala hazina mnunuzi. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hizo chukua tu, zinanijazia nafasi." Iinue sahani ile juani, iinamishe polepole. Utaona vidoti vyeupe vilivyochapwa kwa maelfu. Upande uliokuwa na taa ni vidogo sana na vimeachana. Ukitembeza jicho kwenda upande wa mbali vinanenepa mpaka vinakaribia kugusana. Kila kidoti ni tundu la kuvujisha mwanga.

Na juu ya sahani hiyo utakuta karatasi mbili tatu za plastiki nyeupe kama maziwa, nyembamba, laini, zisizochanika ovyo. Hizo ndizo hazina. Zimetengenezwa makusudi kutawanya mwanga bila kuumeza. Kwa maoni yangu hakuna kitu bora kwa bapa la nyumbani kinachopatikana Uganda kwa bei hiyo, ambayo mara nyingi ni shukrani tu. Ikate, ikunje iwe mrija, iingize ndani ya bomba angavu, iache ijifungue yenyewe mpaka iguse ukuta.

Kama huna paneli ya TV, kavera nyeupe nyembamba inafanya kazi hiyo hiyo kwa ubora wa chini kidogo. Plastiki yake ina ukungu wa asili unaotawanya mwanga. Ikate kwa mshazari iwe pembetatu ndefu, halafu anza kuikunja ukianzia upande ulionyooka wenye urefu wa bapa lote. Ukimaliza, upande mmoja wa mrija una tabaka nyingi na upande mwingine una tabaka moja. Tabaka nyingi ziende nchani. Umeshatengeneza vidoti vya televisheni kwa makasi. Nchani kabisa ziba kwa kifuniko kilichobandikwa karatasi ya fedha upande wa ndani, ili mwanga ambao ungepotelea hewani urudi kufanya safari ya pili.

Njia ya pili ni kuukwepa mgogoro wote kwa kuweka taa ndani ya urefu wote wa bapa. Mikanda miwili ya LED inabandikwa mgongo kwa mgongo, inasimamishwa katikati ya bomba, na kila sentimita ya bapa inapata mwanga wake. Mwanga hauhitaji tena kusafiri. Kilichobaki ni kutawanya, na hapa kuna hesabu ambayo ikikosewa bapa linaonekana kama ngazi ya vidoti badala ya mwanga mmoja. Kanuni ya mafundi wa mabango ni kwamba umbali kati ya taa na kitawanyishi usipungue umbali kati ya taa na taa. Mkanda wa kawaida una taa 60 kwa mita, yaani kila taa iko milimita 17 hivi kutoka kwa jirani yake. Lakini ndani ya bomba la milimita 26, kutoka katikati hadi ukutani kuna milimita 10 tu au pungufu. Haitoshi, vidoti vitaonekana ukiweka kitawanyishi kimoja tu. Mkanda wa taa 144 kwa mita una nafasi ya milimita 7, na hapo mambo yanakaa sawa. Asiyeupata wa 144 anaweza kuzungushia mkanda wake ile sponji nyeupe nyembamba inayofungiwa televisheni na friji mpya, halafu akaweka karatasi ya TV ukutani kama kitawanyishi cha pili. Kutawanya mara mbili kwa nafasi kati yao kunashinda kutawanya mara moja kwa kitu kinene.

Kwa kila kitu kipya unachokiokota, kuna jaribio la nusu dakika litakalokuokolea pesa. Washa tochi ya simu, kigusishe kitu hicho moja kwa moja juu ya taa. Kiasi cha mwanga unaotokea upande wa pili ndicho kinachokuambia kama kinapitisha. Kisha kiinue sentimita 1, kisha 2. Kidoti cha taa kikiyeyuka na kuwa duara lisilo na kitovu, kinatawanya. Kidoti kikibaki kinaonekana, ni angavu mno. Giza likitanda, kinameza. Fanya hivyo kwa karatasi ya kuokea, kwa kopo la maziwa ya mgando, kwa jerikeni jeupe, kwa karatasi ya wasanifu majengo unayoweza kuipata kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala. Kila kimoja kitajieleza chenyewe.

Turudi kwenye kipigo. Akriliki ndiyo inayong'aa kuliko plastiki zote za kawaida, inapitisha asilimia 92 ya mwanga, na ndiyo inayopatikana kwa urahisi kwa watengeneza mabango. Kwa upanga wa kusimamishwa kabatini au wa kuvaliwa kiunoni ni nzuri mno. Kwa upanga wa kupigana, hapana. Ikivunjika inavunjika ghafla na kuacha kingo zinazokata. Polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, na wakati huo huo karibu na Daniel Fox kule Marekani, inapitisha mwanga pungufu kidogo, kama asilimia 88 hivi, lakini inapinda na kurudi badala ya kupasuka. Ndiyo plastiki ya ngao za polisi wa kutuliza ghasia. Bomba lake la unene wa milimita 2 hivi linavumilia mazoezi ya maigizo vizuri.

Mabomba ya polikaboneti hayauzwi katika kila mji, ila yamejificha mahali ambapo watu hawaangalii: kwenye taa za tyubu za LED zilizokufa. Tyubu ya kawaida ya mita 1.2 ina kipenyo cha milimita 26, na aina nyingi zina ganda la plastiki nyeupe ambalo tayari ni kitawanyishi. Kwa maneno mengine, bapa limeshatengenezwa, limening'inia darini likingoja kutupwa. Ila kuna mambo matatu ya kupambanua. Ligonge ganda kwa ukucha: la kioo linalia, la plastiki linanyamaza kwa sauti butu. La kioo liache. Pili, baadhi yana mgongo wa alumini, hivyo yanang'aa upande mmoja tu; tafuta lile ambalo ganda ni plastiki mzunguko mzima. Tatu, toa vyote vilivyomo. Taa za ndani ya tyubu zilikusudiwa umeme wa nyumbani wa volti 240 na hazina kazi kwenye upanga. Na ile tyubu ya zamani yenye gesi, yenye poda nyeupe ndani ya kioo, isiguswe kabisa kwa kazi hii. Ndani yake kuna zebaki, na ikipasuka usoni pa mtoto hakuna maigizo yatakayofidia.

Paipu nyeupe ya PVC ya kupitishia nyaya za umeme ni imara, rahisi, na iko kila duka la vifaa vya ujenzi. Udhaifu wake ni rangi: weupe wake unatokana na unga unaofunga mwanga, kwa hiyo hata mkanda mkali ukiwa ndani utaona nuru iliyofifia. Inafaa kwa jukwaa lenye giza totoro na kwa mazoezi. Usiichome moto kuipinda au kuitoboa, kwa sababu moshi wake una asidi inayochoma mapafu.

Bati la plastiki la kuingizia mwanga dukani nalo huulizwa sana. Kama ni la polikaboneti laini unaweza kukata ukanda mrefu, ukaupinda kwa maji yanayochemka uwe nusu mrija. Polikaboneti hulainika kwenye joto la karibu digrii 147, kwa hiyo maji peke yake hayatoshi kuiyeyusha, yanaipa tu unyumbufu kidogo. Lazima uifunge kwa kamba kwenye fimbo na uikazie kwa gundi. Ni kazi ya subira yenye matokeo ya wastani. Kama bati ni la nyuzi za kioo, liache. Vumbi lake likikatwa linawasha ngozi na kudhuru kifua.

Tahadhari moja kwa wenye polikaboneti, kwa kuwa inaharibu kazi nyingi nzuri: usiioshe kwa petroli wala kwa kile kimiminika cha kufutia rangi ya kucha. Haitayeyuka mbele ya macho yako, ila ndani kwa ndani itaanza nyufa ndogo, na siku ya onyesho itapasuka kwa kipigo ambacho jana ilikivumilia. Gundi ya lebo itoe kwa mafuta ya kupikia na sabuni. Ukitaka kuongeza ukungu, tumia msasa laini na maji, ukisugua kwa kuzungusha, na usugue zaidi kadiri unavyoelekea nchani.

Vitu vya kwetu kabisa navyo vina nafasi yao. Kitambaa cha gome la mutuba, lubugo, ambacho utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, hupitisha mwanga kikipigwa kuwa chembamba. Rangi yake ya kahawia inameza buluu na kuachia nyekundu na chungwa. Ukikizungushia bapa lenye LED za buluu utapata giza. Ukikizungushia LED nyekundu au nyeupe ya joto, nyuzi zake zinajitokeza kama mishipa na bapa lote linakuwa na rangi ya kaa la moto. Kwa igizo la kihistoria au la hadithi za wafalme, napenda bapa hilo kuliko lolote la plastiki. Haliwezi kushindana jukwaani na taa kali, hivyo lipangiwe onyesho la usiku. Mianzi ya Mlima Elgon haipitishi mwanga hata kidogo, lakini ukiitoboa vifundo kwa chuma cha moto na kuichana nyufa nyembamba kwa urefu, mwanga unatoka kwa mistari. Na ni mpini mzuri sana.

Kuna pia njia ya kufanya kitu chenyewe kitoe mwanga. Mawakala wengi wa pesa za simu wana taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Inatoa mionzi ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni vizuri, lakini vitu fulani huimeza na kuirudisha ikiwa rangi inayoonekana. Maji ya toniki hung'aa buluu kwa sababu ya kwinini iliyomo; mwanasayansi George Stokes aliueleza mng'ao huo kwa undani mwaka 1852. Unga wa bizari ya manjano ukilowekwa kwenye spiriti hutoa kimiminika kinachong'aa kijani cha kuelekea njano. Majani ya dodo (mchicha) yakipondwa na kulowekwa kwenye spiriti hutoa maji ya kijani ambayo chini ya taa ile yanageuka mekundu kama damu, kwa kuwa klorofili hurudisha nyekundu. Nimewaona wanafunzi wakikataa kuamini mpaka washike chupa wenyewe. Ukitaka wapige kelele, tia chumvi ya mezani kwenye maji ya toniki mbele yao: buluu inafifia, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi inauzima mng'ao wa kwinini.

Kwa upanga, hata hivyo, vimiminika vina matatizo mawili. La kwanza ni uzito: mrija wenye nafasi ya ndani ya milimita 23 na urefu wa sentimita 80 unabeba gramu 330 hivi za maji, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbali na mkono. La pili ni ule ugonjwa wa bomba la nyanya. Kimiminika kikiwa kikali, kinameza mionzi yote kwenye sentimita za mwanzo na ncha inakosa. Kikizimuliwa, mwanga unafika mbali lakini unafifia kote. Kimiminika kizimuliwe na taa ziwekwe pande zote mbili, kwenye mpini na nchani. Spiriti inashika moto, basi isitumiwe kwenye bapa la kugongana. Taa ile ya noti isielekezwe machoni.

Kitu kingine cha kushangaza kiko mgongoni mwa kila lori: ule utepe wa kuakisi mwanga. Kazi yake ni kuurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Mapanga yaliyotumiwa kupiga Star Wars, filamu maarufu ya anga ya 1977, yalikuwa vijiti vilivyofunikwa kwa kitu cha namna hiyo, vikizungushwa na mota ndogo, na mwanga ukitoka karibu na lenzi ya kamera. Wachoraji wakaongeza rangi baadaye, fremu kwa fremu. Jaribu mwenyewe: zungushia fimbo utepe mweupe, washa tochi ya simu, piga video gizani. Kwenye skrini fimbo inawaka. Aliyesimama hatua mbili pembeni yako haoni chochote. Kwa jukwaa haifai kitu, ila kwa wapiga video wasio na betri wala fedha ni zawadi, na katika nchi ambayo mwongozaji filamu Isaac Nabwana na wenzake pale Wakaliga, Kampala, wamejenga filamu nzima kwa vyuma chakavu, sioni kwa nini fimbo na utepe visitoshe.

Kuhusu umeme nitasema yale ya lazima. Katika mkanda wa rangi wa volti 5, kila taa inaweza kuvuta hadi miliampea 60 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, na 20 ikiwaka rangi moja. Bapa la sentimita 80 lenye mikanda miwili ya taa 60 kwa mita lina taa 96. Nyeupe itataka karibu ampea 6. Buluu pekee itataka karibu 2. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama betri moja ya lithiamu ya kutoka kwenye kompyuta mbovu itafika tamati ya igizo au itazima tendo la pili. Betri hizo za mviringo za milimita 18 kwa 65 hutoa volti 3.7 na zikichajiwa kikamilifu hufikia 4.2. Yenye mkwaruzo mkubwa, iliyobonyea au iliyovimba usiiingize mpinini, kwa sababu mpini unashikwa kwa mkono na lithiamu ikishika moto haizimiki kwa kupuliziwa. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Na kama ncha inafifia kuliko mwanzo wa mkanda, usiulaumu mkanda: peleka waya wa pili wa chanya na hasi mpaka nchani, maana umeme unapungua njiani kwenye shaba nyembamba.

Kiungo cha bapa na mpini ndicho kinachong'oka kabla ya vingine vyote, na hapo chupa ya maji ya plastiki inafanya ajabu. Kata katikati yake upate pete ndefu, ivishe juu ya kiungo, pitisha hewa ya moto kutoka kwa mashine ya kukaushia nywele iliyo kali au ya fundi simu. Plastiki hiyo ikipita digrii 80 hivi hujikunja yenyewe na kubana kiungo mpaka mkono hauwezi kukitingisha. Vaa pete mbili, moja juu ya nyingine, ya pili ikianzia katikati ya ya kwanza.

Kwa wanaorekodi, simu itawadanganya mara ya kwanza. Bapa litatoka jeupe hata kama ni jekundu, kwa sababu mwanga umeizidi kamera na rangi zote tatu zimejaa. Mistari myeusi ikitambaa juu ya bapa, ni LED zilizopunguzwa nguvu kwa kuzimwa na kuwashwa upesi. Ziwashe kwa nguvu zote, upunguze ukali kwa kuongeza tabaka la kavera. Chumba kiwe na taa hafifu pembeni ili uso wa mchezaji uonekane. Kisha bonyeza kidole juu ya bapa kwenye skrini mpaka alama ya kufunga mwanga itokee, shusha mwangaza taratibu hadi rangi irudi ukingoni na katikati pabaki peupe kidogo, ndipo mwambie mchezaji aanze.